Windows 7 imepigwa upya na draiva hazipo: uzitafute kwa mtengenezaji, kwa Microsoft au kwenye kifurushi cha pamoja?

Dell Latitude E6420, HP EliteBook 8460p na ThinkPad T420 zote ni laptopu za mwaka 2011. Zilianza maisha maofisini, zikauzwa kama mitumba, na mpaka leo nyingi za rika lake zinapiga kazi madukani, mashuleni na kwenye steshenari. Wengi bado wanazipigia Windows 7, na wana sababu zao: RAM ni ya GB 4 au pungufu, printa ya risiti ina programu ya enzi hizo, au mfumo wa stoo unakataa kufunguka kwenye Windows mpya. Simlaumu mtu kwa hilo. Ninachotaka ni asimalize siku nzima na bando zima akihangaikia draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine.

Hali baada ya kuipiga huwa ni ile ile. Maandishi yamevimba kwenye skrini, sauti hakuna, wifi haionekani, na ukichomeka waya wa mtandao Windows inajibu kwamba hakuna kadi ya mtandao kabisa. Mashine ni nzima. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na Service Pack 1 yake ikafuata Februari 2011. Laptopu hizo tatu zina kadi ya mtandao ya Intel 82579LM, ambayo ilikuja na mashine za 2011, kwa hiyo diski ya Windows 7 haiitambui. Hapo ndipo ugumu unapoanzia: draiva ziko mtandaoni, na draiva ya kwanza unayoihitaji ni ya kukuingiza mtandaoni.

Njia za kuzipata ni kadhaa, na hazilingani. Ipo inayomfaa mwenye laptopu moja, ipo inayomfaa fundi mwenye mashine kumi mezani, na ipo ambayo haimfai yeyote.

Kabla ya kuchagua njia, soma kitambulisho

Mtu anayeandika kwenye Google "draiva ya wifi ya Dell" ataletewa kila kitu isipokuwa anachokitaka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Device Manager itafunguka, na vifaa visivyo na draiva vitakuwa na alama ya mshangao ya njano. Majina yake yanapotosha kidogo. Ethernet Controller ni mtandao wa waya. Network Controller, kwa kawaida, ni wifi. PCI Simple Communications Controller kwenye mashine za Intel ni Management Engine, wala si modemu kama jina linavyofanya watu wadhani. SM Bus Controller inataka draiva ya chipseti, yaani chipu kuu za bodi. Base System Device mara nyingi ni sehemu ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu.

Sasa bofya kimoja kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, halafu Details, na kwenye orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama huu:

PCI\VEN_8086&DEV_1502

VEN ni namba ya aliyetengeneza kifaa na DEV ni namba ya kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Hapo juu, 1502 ya Intel ndiyo hiyo 82579LM. Mstari mrefu zaidi una pia neno SUBSYS, na tarakimu nne za mwisho za sehemu hiyo hutaja kampuni iliyounda mashine: 1028 ni Dell, 103C ni HP, 17AA ni Lenovo. Mashine iliyobanduliwa stika zote bado inajitaja hapo.

Vipo vifaa visivyoanza na PCI. ACPI\SMO8800 ni kihisio cha Dell kinachoilinda diski ya ndani (hard disk) laptopu ikianguka, na ACPI\HPQ0004 ni cha kazi hiyo hiyo kwa HP. Vifaa vya aina hii vikumbuke, kwa sababu ndivyo vinavyotenganisha njia nzuri na njia ya kubahatisha.

Tovuti ya mtengenezaji

Kwa laptopu yenye jina linalojulikana, mimi huanzia hapa. Dell hutumia Service Tag, herufi na tarakimu saba zilizo chini ya mashine. Kama stika imefutika, fungua dirisha jeusi la amri na uandike:

wmic bios get serialnumber

Itakuonyesha namba ile ile, kwa sababu imehifadhiwa ndani ya BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye bodi yenyewe. Kwa HP na Lenovo namba ya utambulisho ya mashine (serial number) hupatikana kwa amri hiyo hiyo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba draiva zimejaribiwa na mashine hiyo hiyo. Tachipadi inapata mipangilio yake yote, vitufe vya mwanga na sauti vinaitika, na vile vya ACPI nilivyovitaja vinatulia. Hakuna njia nyingine inayokupa hilo kwa uhakika huo.

Ubaya wake ni uchovu. Unapakua kimoja kimoja, na kwa modeli moja utakuta draiva za wifi tatu au nne, kwani mashine ziliuzwa na kadi tofauti. E6420 moja ina Intel, nyingine ina Broadcom. Ukiwa umeshasoma VEN hutababaika: 8086 chukua ya Intel, 14E4 chukua ya Broadcom, nyingine ziache. Angalia pia kwamba ukurasa umewekwa kwenye Windows 7 na biti sahihi, 32 au 64, kwani tovuti hujichagulia mfumo mwingine kisha ukaona orodha tupu ukadhani draiva zimefutwa.

Wakati mwingine zimefutwa kweli. Novemba 2019 Intel iliondoa kwenye tovuti yake mafaili ya bodi zake za zamani za kompyuta za mezani. Laptopu za Toshiba nazo biashara yake ilihamia kwa Sharp na jina likawa Dynabook, kwa hiyo anayetafuta kwenye anwani za zamani za Toshiba anaweza kugonga mwamba.

Kuna mlango mwingine kwenye tovuti hizo hizo ambao watu wengi hawaujui. Dell, HP na Lenovo walitengeneza vifurushi kwa ajili ya idara za TEHAMA zinazopiga Windows kwenye mamia ya mashine kwa mpigo. Dell na HP huviita Driver Pack. Ni faili moja lenye draiva za modeli moja kwa Windows moja, bila mbwembwe za usakinishaji. Unalifungua kwa 7-Zip, unapata folda iliyojaa mafaili ya .inf, yale ambayo Windows huyasoma ili kusakinisha draiva, unaiweka kwenye flashi. Kisha kwenye Device Manager unabofya kila kifaa chenye alama ya njano, unachagua Update Driver Software, halafu Browse my computer, unaelekeza kwenye folda hiyo na kuhakikisha Include subfolders imetiwa tiki. Windows inachimba humo yenyewe na kuchukua inayolingana na kitambulisho. Huhitaji kujua wifi yako ni ya nani.

Kwa laptopu za ofisini za miaka ile, hiki ndicho chaguo langu la kwanza kuliko yote. Kinakuwa na uzito wa mamia ya MB au kupita GB 1, na bado ni kidogo sana ukilinganisha na kifurushi cha pamoja nitakachokitaja. Kasoro yake ni moja: kilitengenezwa kwa mashine za biashara tu. Mwenye Inspiron, Pavilion au IdeaPad ya nyumbani hatakipata, arudi kwenye orodha ya kawaida.

Windows Update na katalogi ya Microsoft

Wapo wanaokumbuka enzi ambazo ukishapata mtandao unaiachia Windows Update itafute yenyewe. Kwenye Windows 7 mpya kutoka diskini, hilo limekufa. Mwaka 2020 Microsoft ilizima seva zilizotegemea SHA-1, aina ya zamani ya sahihi ya kidijitali inayothibitisha faili limetoka kwa nani, na Windows 7 isiyoongezewa chochote haielewi SHA-2, aina mpya. Itazunguka weee, mwisho italeta kosa. Dawa ni kusakinisha kwa mkono visasisho viwili, KB4490628 kwanza, kisha KB4474419. Visakinishe hata kama hutaki kuitumia Windows Update, kwani draiva zilizotiwa sahihi za SHA-2 nazo hukataliwa, hasa kwenye biti 64, na Device Manager ikaandika Code 52. Mtu akaona draiva ni mbovu kumbe Windows ndiyo haijui kuisoma sahihi yake.

Katalogi ni jambo tofauti. Ipo catalog.update.microsoft.com, na inatafutika kwa kitambulisho chenyewe. Andika VEN_8086&DEV_1502, bila SUBSYS na vinavyofuata, na itakuletea orodha. Unasoma safu inayotaja mfumo, unachagua ya Windows 7, unapakua faili la .cab. Kulifungua hakuhitaji programu yoyote. Tengeneza folda C:\draiva kwanza, halafu:

expand -F:* faili.cab C:\draiva

Kisha Device Manager na Browse my computer kama mwanzo.

Katalogi haielezi kitu. Inakupa majina yanayofanana, matoleo mengi, na tarehe za ajabu. Ukiona draiva ya chipseti ya Intel imeandikwa Julai 1968, usiikimbie: Intel huweka tarehe hiyo kwa makusudi, ni mwaka kampuni ilipoanzishwa, ili Windows isiiweke juu ya draiva mahususi zaidi. Draiva za Microsoft zinazokuja na Windows nazo huandikwa Juni 2006. Kwa hiyo usichague kwa tarehe pekee, tazama namba ya toleo.

Mahali pake ni pale ambapo umeshamaliza kila kitu na kimebaki kifaa kimoja sugu, au mtengenezaji ameshafuta kurasa zake. Kuitumia kwa mashine nzima, kifaa baada ya kifaa, ni kujitesa. Na hutaifungua kwa Internet Explorer 8 iliyokuja na Windows 7, kwani kurasa nyingi za sasa hazifunguki humo. Tumia simu au kompyuta nyingine, beba kwa flashi. Ukitaka kivinjari kwenye Windows 7 yenyewe, Chrome iliishia toleo la 109, na Firefox ya kutafuta ni ESR 115.

Haya yote ni ya Windows 7. Kwenye Windows 10 mambo ni kinyume: ukipata mtandao tu, Windows Update huleta draiva nyingi zenyewe, na mara nyingi huhitaji kwenda popote.

Kifurushi cha pamoja

Hapa namaanisha mkusanyiko mkubwa wa draiva za karibu kila kitu, unaokaa kwenye diski ya nje na kufanya kazi bila intaneti. Ninaoupendekeza ni Snappy Driver Installer Origin. Ni wa bure, chanzo chake kiko wazi chini ya leseni ya GPL, hauna matangazo. Mkusanyiko kamili unazidi GB 20, lakini unaweza kupakua fungu la draiva za mtandao peke yake, na kwa mwenye laptopu moja hilo linatosha kumtoa gizani.

Kwa fundi, hii ni zana ya kila siku. Mteja anakuja na mashine isiyo na jina, bodi ya kuungaunga, kadi ya wifi iliyobadilishwa; unachomeka diski, programu inasoma vitambulisho vyote kwa mara moja na kuonyesha inavyovitambua. Hakuna tovuti ya mtengenezaji itakayokusaidia kwa mashine kama hiyo.

Lakini usibofye "chagua vyote", na hili nalisema kwa msisitizo. Programu inapima ulinganifu wa kitambulisho, haijui mashine. Inaweza kukupa draiva ya tachipadi iliyo mpya zaidi ambayo haikutengenezwa kwa Dell, ukaishia bila kuskroli kwa vidole viwili; au ya sauti inayofanya spika zilie huku tundu la hedifoni limekufa. Weka tiki kwenye vinavyokosekana tu, visivyo na draiva kabisa. Vinavyofanya kazi viache vilivyo. Na ukubali pale inapokuuliza kutengeneza restore point, alama ya kurudia hali ya awali mambo yakiharibika.

Ukilinganisha na Driver Pack ya mtengenezaji, tofauti ni hii: ile ya mtengenezaji ni ndogo na ya uhakika kwa modeli moja, hii ni kubwa na ya kukadiria kwa modeli zote. Mwenye laptopu yake moja hana sababu ya kupakua GB 20.

Programu za "sasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja"

Kataa. Nyingi hukuonyesha orodha nyekundu ndefu, kisha hudai malipo ili zisakinishe kile ambacho kiko bure kwa mtengenezaji. Nyingine huingia na kivinjari, antivirusi na matangazo ambayo hukuyaomba. Kwenye Windows ambayo haipati tena ulinzi, kumwalika mgeni wa aina hiyo ni hatari, na sijaona kazi ambayo zinaifanya ikakosa kufanyika kwa njia zilizotangulia.

Draiva zako za zamani

Hii ndiyo nafuu kuliko zote, na inapuuzwa. Kama Windows ilipigwa juu ya ile ya zamani bila kufomati, angalia kama kuna folda C:\Windows.old. Ndani yake, kwenye Windows\System32\DriverStore\FileRepository, kuna draiva zote zilizokuwa zikifanya kazi wiki iliyopita. Elekeza Device Manager huko. Sharti ni moja, biti zilingane: za 32 hazikubali kwenye 64, wala za 64 kwenye 32.

Na kama hujaifuta bado, simama kwanza. Kwenye Windows 7 nakili folda hiyo ya FileRepository kwenye flashi. Kwenye Windows 10, fungua dirisha la amri kama msimamizi, tengeneza folda ya kupokelea, na uandike:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Dakika chache, hakuna bando linalotumika, na unapata draiva zilizothibitishwa na mashine yenyewe.

Kuvuka kikwazo cha mtandao

Kama huna kompyuta ya pili, simu ya Android inaweza kuwa kadi ya mtandao kwa waya wa USB. Washa USB tethering kwenye simu. Windows 10 itaipokea palepale. Windows 7 wakati mwingine inagoma. Ikigoma, nenda Device Manager, chagua draiva kwa mkono, Network adapters, Microsoft Corporation, kisha Remote NDIS based Internet Sharing Device. Draiva hiyo imo ndani ya Windows 7 tayari. Zima visasisho vya kujiendesha kwanza, bando la simu lisije likanyonywa.

Na zipo mashine ambazo hazifiki hata hapo. Kuanzia kizazi cha Skylake cha Intel, mwaka 2015, bodi ziliacha mfumo wa zamani wa USB, na diski ya Windows 7 haina draiva ya USB 3.0. Unafika kwenye skrini ya kwanza ya usakinishaji, kibodi na mausi vimekufa. Hapo draiva inabidi iingizwe ndani ya flashi ya Windows kabla ya kuanza, na kwa kweli mashine ya umri huo ni bora ipewe Windows 10. Kwa wanaopiga XP, skrini ya bluu yenye 0x0000007B mara nyingi maana yake diski imewekwa kwenye AHCI, mpangilio ambao XP haina draiva yake. Badilisha iwe IDE, mpangilio wa zamani, ndani ya BIOS.

Nani achague nini

Mwenye Latitude, EliteBook au ThinkPad: Driver Pack ya modeli yake, basi. Mwenye laptopu ya nyumbani yenye jina: tovuti ya mtengenezaji, na ipakuliwe ya mtandao kwanza. Fundi, au mwenye mashine ya kuungaunga: Snappy Origin kwenye diski ya nje, kwa tiki za kuchagua. Kimebaki kimoja kisichojulikana: kitambulisho na katalogi. Hujafuta bado: nakili zako.

Mpangilio ninaoufuata ni chipseti mwanzo, kisha mtandao, kadi ya picha, sauti, na vinginevyo baadaye. Kwenye Latitude kunaweza kubaki kimoja kiitwacho Broadcom USH. Kinahusika na kisoma alama za vidole na kadi za usalama. Kama huvitumii, kiache na alama yake ya njano, mashine haitapungukiwa.

Kwa mtu ambaye hana programu inayomfunga kwenye Windows 7, ipo njia nyingine ya kulinganisha nayo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na sipendi kuona mtu akiingia benki kwa kompyuta ya namna hiyo. Njia hiyo ni Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, na ina draiva nyingi ndani ya kiini chake. Kwenye laptopu za 2011 zenye wifi ya Intel kwa kawaida huwaka na kila kitu kikiwa tayari, ingawa kadi za Broadcom huhitaji kuongezewa draiva. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hata ukiamua kubaki na Windows, flashi hiyo inakufaa: amri ya lspci -nn inataja kila kifaa cha PCI kwa jina lake kamili pamoja na namba zile za VEN na DEV.

Ukishamaliza, usizifute zile draiva. Ziweke kwenye folda yenye jina la modeli, Windows na biti, mfano E6420-Win7-64, pamoja na vile visasisho viwili vya SHA-2, kwa sababu kurasa za kupakulia zinaendelea kupungua kila mwaka.